Fundi analipwa lini? Upande usiozungumzwa wa biashara ya haki katika nguo

Machi 2020, maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani yalipofungwa kwa ajili ya Uviko-19, kampuni nyingi kubwa za mavazi ziliwaandikia wenye viwanda wa Bangladesh kufuta oda. Mizigo mingine ilikuwa bado majora ya kitambaa, mingine imeshakatwa, mingine imeshonwa, imepigwa pasi na kufungwa kwenye maboksi. Chama cha wenye viwanda cha nchi hiyo, BGMEA, kilihesabu oda zilizofutwa au kusimamishwa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Washonaji wengi walirudi makwao bila ujira wa kazi waliyokwisha kuifanya.

Hayo yaliwezekana kwa sababu ya namna oda hizo zinavyolipwa. Mwenye kiwanda hununua kitambaa, uzi, vifungo na zipu kwa mkopo wa benki, hulipa washonaji, husafirisha mzigo, kisha hukaa akisubiri siku 60 au 90 pesa iingie. Muda wote huo mnunuzi hajatoa hata senti. Akijitoa njiani, hasara inamwangukia aliyeshona.

Wananchi wengi tunaokutana nao kwenye mafunzo wakisikia biashara ya haki (fair trade), yaani kununua kwa masharti yasiyomwonea mtengenezaji, hufikiria bei tu: nguo ni ghali kidogo, ziada inamwendea fundi, basi. Bei ina uzito wake. Lakini sisi tunaoshauri vikundi vya mafundi tumeona kwamba kinachombadilishia mtu maisha mapema zaidi ni siku ambayo pesa inafika mkononi.

Bangladesh yenyewe ina mfano mzuri, na unahusu shirika ambalo Watanzania na Waganda wanalijua zaidi kwa mikopo midogo. Miaka ya 1970 BRAC lilikuwa likiwafundisha wanawake wa Manikganj kufuga nondo wa hariri na kutengeneza vitambaa. Bidhaa zilikuwa nzuri na wanunuzi walikuwepo Dhaka, mji mkuu, ila wenye maduka walichukua mzigo na kulipa baada ya wiki kadhaa, pengine miezi. Mwanamke ambaye anahitaji unga leo hawezi kusubiri miezi. Atamuuzia dalali kwa bei yoyote. Mwaka 1978 BRAC lilifungua duka lake, Aarong, ili wanawake wale walipwe papo hapo wanapoleta kazi, na kungoja wateja likawa jukumu la duka. Leo makumi ya maelfu ya wasusi, wadarizi na wafumaji wanauza kupitia Aarong.

Linganisha na kilichotokea Savar, nje kidogo ya Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Kesho yake asubuhi washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kuingia kazini, na wengine waliambiwa wasipoingia watakosa mshahara wa mwezi. Jengo lilianguka likaua watu zaidi ya 1,100. Zege lilikuwa bovu na ghorofa za ziada zilijengwa bila kibali. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba ilikuwa karibu na mwisho wa mwezi, na mtu ambaye mshahara wake umeshikiliwa hana nguvu ya kukataa kupanda ngazi.

Ndiyo maana kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinagusa wakati wa malipo pamoja na kiasi. Mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa anatakiwa kutanguliza angalau nusu ya thamani ya oda, bila riba. Hiyo nusu ndiyo inayonunua kitambaa, kwa hiyo kikundi hakiendi kukopa kwa mtu anayetoza riba kila wiki. Pia haruhusiwi kufuta oda hivi hivi na kumwachia fundi mzigo.

Baada ya wakati wa malipo ndipo tuje kwenye kiasi, na hapa vikundi vyenyewe hukosea. Chukua mkoba wa kitenge wenye bitana na zipu. Katibu anajumlisha kitenge, bitana, zipu, uzi, lebo, kisha anasema, “Fundi tumpe elfu mbili.” Elfu mbili imetoka wapi? Mara nyingi imetoka hewani, au kwa jirani anayetoa kiasi hicho.

Njia ya uhakika ni kuanza na saa. Mchukueni mshonaji wa kasi ya kawaida, msimchukue yule bingwa wenu, mpimeni tangu anakata hadi anapunguza nyuzi, mikoba mitano, mtafute wastani. Tuseme ni saa moja na nusu. Kisha mkubaliane siku ya kazi ya saa nane kwenu isishuke chini ya kiasi gani ili mtu alipe kodi, ale, asomeshe, atibiwe na abakishe kidogo. Tuseme shilingi 15,000 za Tanzania. Hapo saa moja ni shilingi 1,875, na ujira wa mkoba mmoja ni kama 2,800. Kwa ile elfu mbili ya katibu, fundi akifanya kazi siku nzima bila umeme kukatika wala cherehani kugoma anaondoka na kama 10,700. Mkiwa na hesabu hiyo kwenye karatasi, mnunuzi anayetaka punguzo mnamwonyesha saa ngapi za mtu anaomba apewe bure.

Kwa wasusi ni kazi ngumu zaidi. Mama wa Ukambani, Kenya, anayesuka kiondo (kikapu) hukisuka akienda sokoni, akichunga mbuzi, akiongea na wenzake. Kwa kuwa hakukaa kitako, saa hizo hazihesabu. Sisi tunaziandika zote.

Sasa alama za biashara ya haki zinazowekwa kwenye bidhaa. Watu huzichanganya, na wauzaji wengine wanafurahia mkanganyiko huo. Alama ya pamba ya Fairtrade (shirika jingine, si WFTO) inahusu kwanza mkulima: bei ya chini inayomkinga soko likianguka, na nyongeza ambayo wanachama wa ushirika huamua wenyewe waitumie kwa kisima, darasa au mbegu. Inaweza kushonwa kwenye fulana iliyotoka kiwanda ambacho mshonaji wake bado analipwa ujira wa kubana. Fairtrade walitoa mwaka 2016 kiwango kingine kinachofuata nguo kuanzia kuchambua pamba hadi kushona, na kinataka mishahara ifikie kiwango cha kuishi ndani ya miaka sita. Alama ya WFTO hutolewa baada ya kukagua shirika zima linavyofanya biashara. Kwa hiyo usiulize tu kama nguo ina alama. Uliza alama hiyo inamhusu nani.

Tusizidishe chumvi. Sekta ya nguo ya Bangladesh ina wafanyakazi wapatao milioni 4, na wengi wao hawatafikiwa na oda ya biashara ya haki. Wao walisaidiwa zaidi na mkataba wa usalama wa majengo uliosainiwa Mei 2013 kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni ambazo baadaye zilizidi 200, mkataba wenye nguvu ya sheria. Ujira nao ulipanda kwa migomo: kima cha chini kilifika taka (sarafu ya Bangladesh) 12,500 kwa mwezi Desemba 2023, wakati vyama vilidai 23,000. Shati la mtumba ulilonunua Karume au Gikomba huenda lilipita mikononi mwao.

Kwa vikundi vyetu, cheti kina gharama na ukaguzi wake unataka kumbukumbu za miaka. Wadogo wengi huuza kupitia shirika ambalo tayari ni mwanachama wa WFTO, kama Bombolulu ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu. Ambao hawajafika huko, waandike mambo matatu kwenye mkataba wa oda kabla ya kugusa mkasi: kiasi kitakachotangulizwa, siku ya kumalizia malipo, na nani anabeba gharama ya kilichokwisha kukatwa mnunuzi akijitoa. Akikataa kutanguliza chochote, shoneni sampuli peke yake, na kitambaa cha oda nzima kibaki dukani.