Mkataba wa kilimo kwa asiye na shamba: mwenye ardhi naye atie sahihi

Kampuni za kununua mazao zikija Malindi huja na mkataba wenye nafasi mbili za sahihi, ya mnunuzi na ya mkulima. Mimi hupitia mikataba ya namna hii kabla haijatiwa sahihi, na jambo la kwanza ninaloomba ni nafasi ya tatu: ya mwenye ardhi. Asipopatikana, ushauri wangu ni kusubiri msimu upite.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kampuni inakopesha mbegu, dawa na ushauri, mkulima anatoa ardhi na jasho, na siku ya mavuno kampuni inanunua kwa bei iliyokubaliwa na kukata deni lake. Wakulima wa miwa na tumbaku kule magharibi mwa Kenya wameuzoea miaka mingi. Lakini wengi wao wanalima kwao, na mkataba uliandikwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo.

Huku kwetu mambo ni mengine. Ukanda wa maili kumi, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, ulipitiwa na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, na jamaa wengi wa Kimijikenda walibaki bila karatasi katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Hadi leo kuna familia zinazolima kwa ijara (kodi ya shamba), nyingine kwa ruhusa ya mdomo, nyingine kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwafukuza. Mwenye hati yuko Mombasa au ng'ambo.

Halafu kuna suala la miti. Pwani, mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyousimamisha ikawa ya mwingine. Wenye ardhi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wengi wanamruhusu skwota, yaani anayekaa kwenye ardhi bila hati, kulima mahindi lakini wanamkataza kupanda mwembe au mkorosho. Kwa hiyo kampuni inayotaka maembe au korosho kutoka kwa watu wasio na ardhi imekosea mlango. Yanayobaki ni mazao ya muda mfupi: pojo, kunde, ufuta. Pilipili kichaa inaweza kukaa shambani zaidi ya msimu mmoja, na hapo mwenye ardhi huanza kuuliza maswali.

Sasa tazama deni. Nachukua hesabu ya mfano tu. Kampuni imekopesha pembejeo za shilingi 12,000 kwa ekari moja ya pojo. Mkulima anavuna kilo 200, bei ni shilingi 80, jumla 16,000. Deni likikatwa anabaki na 4,000, na bado hajalipa ijara wala vibarua wa palizi. Mvua ya mwaka (masika) ikikatika mapema akavuna kilo 100, thamani yake ni 8,000: hana kitu mkononi, na deni la 4,000 linasogezwa msimu ujao.

Neno «msimu ujao» ndilo linalonisumbua. Mwenye shamba lake ana msimu ujao. Huyu wetu huenda akaambiwa mwezi wa Agosti kwamba kipande kimeuzwa. Kwa hiyo dalali akifika na pikipiki na pesa taslimu, akiongeza shilingi tano juu ya bei ya kampuni, mkulima anauza usiku huohuo. Kampuni zinalalamika kuwa watu wa huku si waaminifu. Mimi nikiwa na deni na sina uhakika wa kulima hapo tena, ningeuza vilevile.

Ndipo mwenye ardhi anapohitajika mezani. Wengi hukataa kutia sahihi chochote kwa kuhofia kwamba karatasi itampa skwota haki. Sheria inawapa jibu tofauti. Anayedai ardhi kwa kuikalia miaka 12 lazima aonyeshe kwamba aliikalia bila idhini ya mwenyewe. Ruhusa ya maandishi, kwa hiyo, inamlinda mwenye ardhi. Nikilieleza hili polepole, na wakili akiwepo kulithibitisha, milango mingi hufunguka. Jihadharini na jambo moja tu: kukodisha ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi kunahitaji idhini ya bodi, la sivyo makubaliano yanakuwa batili.

Ninachokitaka kwenye karatasi hiyo si kingi. Aliyepanda aachwe avune, hata ardhi ikiuzwa katikati ya msimu. Ijara isipandishwe mimea ikiwa shambani. Na deni la pembejeo lisimfuate mkulima aliyeondolewa kabla ya mavuno. Kampuni imalizane na aliyemwondoa.

Kampuni nyingine hupendekeza njia ya mkato: wao wenyewe wakodi ardhi, kisha wamgawie mkulima vipande. Mwenye ardhi anafurahi maana analipwa kwa wakati. Ila hapo mkulima amegeuka kibarua, tena kibarua mwenye deni, asiye na mshahara wala bima. Kama ndicho wanachotaka, waajiri watu na kuwalipa.

Kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, kina mtego wake. Soko la Ulaya linataka kipande cha mazao ya msimu kikae miaka miwili ya mpito kabla mavuno hayajauzwa kama ya kilimo hai. Skwota akivumilia miaka hiyo, thamani ya kipande imepanda na ijara nayo itafuata. Bila mkataba wa miaka kadhaa na mwenye ardhi, sishauri mtu aanze.

Mizani, madaraja ya ubora na dhamana ya kikundi ni matatizo ya kila mkataba, sitayarefusha hapa. Ila mwanamke anayepalilia awekwe jina na namba yake ya M-Pesa kwenye mkataba, maana pesa hufuata sahihi.

Mazungumzo na mwenye ardhi aliye mbali huchukua muda, hivyo yaanze Januari, mbegu zisije zikafika mvua imeshanyesha. Akimtuma msimamizi, mwombeni hati ya uwakilishi kabla ya lolote. Wasimamizi wengi hukusanya ijara bila karatasi yoyote, na mkulima aliyemlipa mtu wa namna hiyo hana cha kumwonyesha mwenye ardhi siku akija mwenyewe.