Mnyama wa Kituo cha Uokoaji: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mnyama aliyefikishwa katika kituo cha uokoaji lazima ana kasoro, la sivyo mwenyewe asingemwacha. Ukweli ni kwamba mara nyingi sababu humhusu binadamu: mwenye mbwa amefariki, amehama, ameugua, au kipato kimepungua asiweze tena kumlisha. Wengine hawakuwahi kuwa na mwenyewe, walizaliwa mitaani.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumhukumu mnyama kwa anavyoonekana kizimbani. Mgeni humwona mmoja akibweka bila kukoma na mwingine amejikunyata pembeni, akahitimisha kuwa yule ni mkali na huyu ni mgonjwa. Kelele za mbwa wengi ndani ya jengo moja huweza kuzidi desibeli 100, na masikio yao ni makali kuliko yetu. Nimewahi kumhudumia mbwa jike ambaye kwa siku nne aliuelekea ukuta, mkia ameubana kati ya miguu, asiguse maji mpaka taa zizimwe. Siku ya tano niliketi sakafuni nikampa kisogo, bila kumwita wala kumtazama; baada ya muda mrefu alisogea akalaza kidevu chake juu ya kiatu changu. Ndiyo maana wahudumu wengi huwatajia wanaoasili, yaani wanaomchukua mnyama wakamlee nyumbani kwao, siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba na miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Hiyo si kanuni, ni makadirio tu, na wapo wanaohitaji muda zaidi. Anayemrudisha mbwa baada ya siku mbili kwa kuwa hachangamki hajamjua bado, na jambo hili hunihuzunisha kila linapotokea.

Wapo pia wanaotaka mtoto wa mbwa tu, wakitoa hoja ya samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 mbwa hujifunza mengi kuhusu watu na mazingira, lakini mbwa mzima naye hufundishika, tena umbo na hulka yake huonekana tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kujitolea, wengi hudhani kazi ni kucheza na wanyama, au kwamba inahitaji utaalamu wa udaktari. Sehemu kubwa ni kusugua sakafu, kuosha bakuli na kufua matandiko, na usafi huo huokoa maisha. Virusi vya pavo, vinavyoua watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa, huweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, na kitakasa mikono cha alkoholi hakitoshi kuviua. Kwa hiyo anayejitolea huanza kwa watoto wenye afya, akamalizia kwa wagonjwa, na hubadilisha glavu kila mara.

Kazi nyingine isiyoonekana ni kuandika. Aliyemtembeza mbwa huweka kwenye daftari kwamba alishtushwa na pikipiki, au kwamba alitulia mtoto alipopita karibu, na mtu anayekuja kuasili husomewa maelezo hayo kabla hajafunguliwa kizimba.