Moyo Unavyokabili Upungufu wa Oksijeni Mlimani

Mwitikio wa moyo kwa upungufu wa oksijeni ni mabadiliko ambayo moyo na mishipa ya damu hufanya pale damu inapotoka mapafuni bila oksijeni ya kutosha. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, iwe Mombasa au kileleni mwa Mlima Kenya. Kinachopungua kadiri mtu anavyopanda ni mgandamizo wa hewa, ambao ndio huisukuma oksijeni iingie katika damu. Hapa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo huo umeshapungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano, na katika Point Lenana, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, mita 4,985, unabaki zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani.

Mkazi wa Nairobi ambaye mapigo yake huwa 65 kwa dakika anapoamka, akijipima alfajiri baada ya kulala Met Station, kambi iliyo mita 3,050 kwenye njia ya Naro Moru ya kupanda mlima huo, anaweza kukuta yamefika 80 kabla hata hajavaa viatu. Wengi hushtuka, ilhali mwili unafanya kazi yake ipasavyo. Vihisio vidogo vilivyo shingoni, kwenye ateri zinazopeleka damu kichwani, hutambua upungufu na kuuarifu ubongo, nao huongeza pumzi na kuuhimiza moyo uzungushe kwa kasi zaidi damu ambayo sasa imebeba oksijeni kidogo. Msuli wa moyo wenyewe, hata mtu akiwa ametulia, huchukua karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia, hivyo njia yake kuu ya kupata zaidi ni ateri zake kupanuka. Mtu ambaye ateri hizo zimeziba kwa kiasi hana nafasi hiyo, naye amwone daktari kabla ya kupanda.

Baada ya siku kadhaa maji ya damu hupungua na kila pigo husukuma damu kidogo kuliko awali, huku figo zikichochea utengenezaji wa chembe nyekundu, kazi inayochukua majuma. Safari ya wikendi haiwezi kuifikia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu mapafuni. Mishipa mingi mwilini hupanuka oksijeni ikipungua, lakini ya mapafu hubana. Pwani tabia hiyo ni msaada, kwa kuwa huielekeza damu mbali na sehemu ya pafu iliyougua. Mlimani pafu zima limekosa oksijeni, mishipa hubana kila mahali, shinikizo hupanda, na kwa baadhi ya watu majimaji huvuja ndani ya mapafu. Mpandaji anayehema hata akiwa ameketi, akikohoa, hapaswi kuachwa apumzike kambini hadi asubuhi. Ateremshwe mara moja, apewe oksijeni ikiwa ipo, wala asiachwe atembee peke yake.