Uamuzi kubaki si uamuzi kuthibitishwa

Anayefuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi, si soka) kwa Kiswahili hukutana na sentensi hii karibu kila wiki ya msimu: "Video imethibitisha uamuzi wa refa." Mara nyingi si kweli. Video haikuthibitisha chochote, ila ilishindwa kuonyesha kwamba refa amekosea, na kwa sababu hiyo akaachiwa uamuzi wake. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na nusu ya ugomvi wa mashabiki baada ya mechi huanzia hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Refa na wenzake wakishaamua jambo uwanjani, mwamuzi wa video anaweza kusimamisha mchezo na kulitazama upya. Ligi ya Big Ten ilianza kuujaribu utaratibu huu mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaingia rasmi kwenye kitabu cha kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Kwa miaka mingi majibu yaliyotangazwa yalikuwa matatu: uamuzi umethibitishwa, uamuzi unabaki, au uamuzi umetenguliwa.

Watu wengi wanadhani majibu ni mawili tu, ndiyo au hapana. Lakini kanuni imejengwa juu ya dhana kwamba alichoamua refa uwanjani ni sahihi mpaka video ioneshe vinginevyo, tena ioneshe bila shaka yoyote. Haitoshi mwamuzi wa video aone kwamba huenda refa alikosea. Hata akihisi kwa sehemu kubwa kwamba alikosea, bado haitoshi. Pakibaki shaka, mikono yake imefungwa: uamuzi unabaki. Wapenzi wa soka wanalijua jambo hili kupitia VAR na lile sharti la kosa la wazi na dhahiri, ingawa nako husahaulika mara tu timu ya mtu inapofungwa.

Ni kama mahakamani. Mshtakiwa akiachiwa kwa kukosekana ushahidi, hakuna mwanasheria atakayekwambia kwamba hakimu amethibitisha hakutenda kosa. Hakimu amesema upande wa mashtaka haukufikisha mzigo wake wa kuthibitisha. Mwamuzi wa video naye, akiuacha uamuzi ubaki, anasema picha alizonazo hazikufikisha mzigo. Hajasema mpira ulivuka mstari, wala kwamba goti la mwenye mpira halikugusa chini (likigusa, mbio zake zinaishia hapo).

Chukua mechi ya Ohio State na Michigan ya tarehe 26 Novemba 2016, mjini Columbus. Muda wa nyongeza ulikuwa wa pili, Michigan wakiongoza 27 kwa 24, na Ohio State walikuwa kwenye jaribio la nne, ambalo ni la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wakihitaji yadi moja ili wapewe majaribio mapya. J.T. Barrett wa Ohio State akakimbia na mpira mwenyewe na kuangukia kwenye msongamano wa miili. Waamuzi wakasema amefika. Video ikatazamwa, uamuzi haukubadilishwa, na kwenye jaribio lililofuata mwenzake Curtis Samuel akakimbia yadi 15 hadi eneo la mwisho, mahali pa kufungia. Ikawa 30 kwa 27, na mechi ikaisha. Kocha wa Michigan, Jim Harbaugh, alizungumza kwa uchungu juu ya uamuzi baada ya mechi, na Big Ten ikamkaripia hadharani na kukitoza chuo chake faini ya dola 10,000.

Mpaka leo mashabiki wa pande zote mbili wanaitazama picha ileile na kuona vitu viwili. Sishangai. Mpira ulikuwa mkononi mwa mtu aliyezungukwa na miili, kamera ziko pembeni, na suala lenyewe ni la sehemu ya yadi. Hali ya namna hiyo ndiyo ambayo kanuni inamwambia mwamuzi wa video asiguse kitu. Kama waamuzi wa uwanjani wangesema Barrett hakufika, naamini uamuzi huo nao ungebaki, kwa picha zilezile. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo: picha zinapokuwa na utata, anayeamua mechi ni yule mtu wa uwanjani aliyeuweka mpira chini kwa macho yake, wala si video.

Sasa, tangu msimu wa 2025 NCAA imebadilisha matangazo. Refa hatangazi tena kwamba uamuzi umethibitishwa au kwamba unabaki. Anatangaza moja kati ya mawili: umedumishwa au umetenguliwa. Naelewa nia yao, kwa kuwa kwa timu iliyo uwanjani matokeo ni yaleyale na tangazo fupi linaharakisha mchezo. Hata hivyo nasikitika. Yale majibu mawili ya zamani yalimpa mtazamaji habari ya kweli. Alipoambiwa "unabaki", alijua kuna shaka iliyoachwa bila kutatuliwa, na angeweza kuheshimu shaka hiyo hata kama timu yake imeumia. Sasa yote yamefungwa kwenye neno moja, na wale waliokuwa wakisema "video imethibitisha" wamepata kisingizio. Tangazo limebadilika, lakini kipimo hakijabadilika: ushahidi usio na shaka bado unahitajika ili kutengua.

Kuna sehemu moja ambayo NCAA yenyewe ilionyesha kwamba tofauti hii ina maana. Kosa la kumlenga mpinzani asiyeweza kujikinga na kumgonga kwa nguvu kichwani au shingoni humfanya mchezaji atolewe nje, na adhabu hiyo ni nzito. Mwaka 2019 wakaamua kwamba kwa kosa hilo hakuna "kubaki". Kila kipengele cha kosa lazima kithibitishwe na video, na kipengele kimoja kikikosa kuthibitika, adhabu inatenguliwa na mchezaji anaendelea kucheza. Mzigo umegeuzwa upande wa pili. Wangefanya hivyo kwa sababu gani kama kubaki na kuthibitishwa vingekuwa kitu kimoja?

Lazima pia tusichanganye uamuzi uliobaki kwa haki na uamuzi uliobaki kwa uzembe. Tarehe 16 Septemba 2006, mjini Eugene, Oregon walikuwa nyuma 33 kwa 27 dhidi ya Oklahoma wakapiga mpira mfupi ili waupate tena wao wenyewe. Mchezaji wa Oregon aliugusa kabla haujaenda yadi 10, jambo ambalo kanuni inakataza, na picha zilionyesha hivyo. Video ikatazamwa, Oregon wakaachiwa mpira, wakashinda 34 kwa 33. Ligi yao, Pac-10 ya wakati huo, ilikiri kosa na kuwasimamisha waamuzi kwa mechi moja, akiwemo wa video. Miami na Duke nao, tarehe 31 Oktoba 2015: Miami waliurudisha mpira wa mwisho kwa kupasiana mara nane na kushinda 30 kwa 27, ilhali goti la mmoja wao lilikuwa limegusa chini akiwa bado na mpira. Mapitio yalichukua karibu dakika tisa na bado hawakutengua. Ligi ya ACC iliwasimamisha waamuzi kwa mechi mbili, lakini ushindi haukuondolewa. Kwenye mechi hizo mbili ushahidi ulikuwepo na haukutumiwa. Ukiziweka kapu moja na ile ya Columbus, unawaonea waamuzi wa Columbus na unawapunguzia hawa wengine kosa lao.

Na yako makosa ambayo hayahusiani na macho ya kamera hata kidogo. Tarehe 6 Oktoba 1990 Colorado waliwafunga Missouri 33 kwa 31 kwa jaribio la tano, kwenye mchezo unaoruhusu manne. Waamuzi walipoteza hesabu, basi. Hilo si suala la ushahidi wa picha.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, na wewe mtangazaji, refa akirudi uwanjani na uamuzi ukawa uleule, andika kwamba haukutenguliwa, na kama picha ziliacha shaka, mwambie msomaji wako hivyo. "Video imethibitisha" liweke kwa siku ambayo video imethibitisha kweli.