Je, wajua kwa nini Goma hakuna visima?

Mgeni akifika Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msimu wa mvua hushangaa. Usiku kucha mvua inapiga mabati, lakini kukicha haoni mto hata mmoja mjini. Anaona chukudu, yaani baiskeli za mbao, zimebeba mabidoni ya njano, zikisukumwa kutoka ziwani. Maji yote yale yamekwenda wapi?

Yamezama. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, lava iliyopoa ikapasukapasuka na kujaa vitundu. Mvua hupenya papo hapo, hushuka chini sana, kisha huibukia Ziwa Kivu, mengine katika chemchemi zilizofichika chini ya ziwa lenyewe. Kuchimba kisima ni kuvunja mwamba mgumu bila kujua kama utakuta maji. Kwa hiyo REGIDESO, shirika la maji la serikali, huvuta maji ya ziwa na kuyapandisha mjini kwa pampu.

Linaloniogopesha ni hili: penye mchanga, maji hushuka polepole na uchafu mwingi hunaswa njiani. Katika nyufa za lava hakuna wa kuunasa. Choo kikivuja huku juu, mavujo yanafuata njia ileile ya mvua, hadi ziwa lilelile tunalochota. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa, mwamba huo ulikataa hata kuchimbwa vyoo. Mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara.

Ndiyo maana ufukweni utawakuta watu wenye bomba la sindano, wakitia klorini, dawa ya kuua vijidudu, bidoni kwa bidoni. Tafadhali, usinywe papo hapo. Ngoja nusu saa ifanye kazi. Ile harufu kidogo inayobaki ndiyo inayolinda maji yakishafika nyumbani.

Lakini klorini haigusi fluoridi, aina ya madini. Moshi wa volkeno huibeba, mvua huiteremsha hadi kwenye mabati na matangi, na mawe huongeza yake. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vijiji kadhaa chini ya Nyiragongo maji yake hupita hapo, na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, fluoridi inabaki palepale. Wenzetu wa Ngurdoto, karibu na Arusha, wenye tatizo lilelile, hupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huinasa fluoridi, na ukishashiba hubadilishwa.