Gol olímpico: kijembe cha Buenos Aires kilichogeuka msamiati wa soka

Wanafunzi wetu wa Kihispania wakisikiliza matangazo ya mpira, kuna neno huwatatiza. Kona inapigwa, mpira unapinda hewani na kuzama wavuni bila kuguswa na mtu, na mtangazaji anapasua sauti: ¡gol olímpico! Goli la Olimpiki. Mechi yenyewe ni ya ligi. Olimpiki imeingiaje hapo?

Imeingia kwa utani, tena utani mkali.

Juni 9, 1924, Uruguay iliichapa Uswisi 3-0 jijini Paris na kutwaa dhahabu ya soka. Kombe la Dunia lilikuwa bado halijaanzishwa (lilianza 1930, hukohuko Uruguay), kwa hiyo bingwa wa Olimpiki alijihesabu bingwa wa dunia. Baada ya fainali wachezaji walizunguka uwanja kuwashukuru watazamaji. Hadi leo mzunguko huo wa mabingwa huitwa vuelta olímpica, yaani mzunguko wa Olimpiki.

Ng'ambo ya mto Río de la Plata, nchini Argentina, roho ziliuma. Argentina haikupeleka timu ya soka Paris, na kwa watani hawa wa jadi ubingwa uliopatikana wao wakiwa hawapo haukuwa ubingwa. Wakawaita majirani uwanjani. Mechi ya kwanza, Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, walitoka sare 1-1. Mechi ya marudiano ilipangwa Septemba 28 katika uwanja wa Sportivo Barracas, Buenos Aires, lakini watu walifurika hadi ndani ya mistari na mechi ikavunjika dakika za mwanzo tu. Waliporudi Oktoba 2, uwanja ulikuwa umezungushiwa waya. Hata waya huo ulipata jina: alambrado olímpico, uzio wa Olimpiki. Viwanja vingi vya Amerika ya Kusini viliuiga, na mimi nauona kuwa urithi mbaya kuliko yote ya wiki ile.

Dakika ya 15 Cesáreo Onzari, winga wa Argentina kutoka klabu ya Huracán, aliweka mpira kwenye kibendera cha kona. Akapiga. Mpira ukapita wachezaji wote, ukampita na kipa Andrés Mazali, ukaingia. Refa Ricardo Vallarino, Mruguay, akakubali goli. Miezi michache nyuma angelikataa: sheria ya kuruhusu goli la moja kwa moja kutoka kona ilipitishwa Juni mwaka uleule. Argentina ikaongoza 2-1 hadi mawe yalipoanza kurushwa na Waruguay wakatoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho.

Mitaani goli likawa "la Onzari dhidi ya Waolimpiki", kisha likafupishwa. Kwa hiyo sifa ya Olimpiki ni ya aliyefungwa, wala si ya mfungaji. Kijembe kilisahaulika, jina likabaki.

Katika Kombe la Dunia la wanaume goli hili limefungwa mara moja tu hadi fainali za 2022. Ilikuwa Arica, Chile, Juni 3, 1962. Colombia, walioshiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza, walikuwa nyuma 4-1 mbele ya Umoja wa Kisovieti, na golini alisimama Lev Yashin, mmoja wa makipa mashuhuri kuliko wote. Marcos Coll alipiga kona ya chini, beki aliyekuwa mlingotini akauacha mpira, ukapita. Colombia wakapata nguvu na kumaliza 4-4. Coll alirudi nyumbani na jina jipya alilokaa nalo hadi kifo chake 2017: El Olímpico.