Mshindi kumeza yote: dhana inayoua michezo ya wasiokufa

Karibu kila daftari la kanuni za michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wasiokufa linaloletwa kukaguliwa hapa Lamu, liwe la vijana wa Langoni au wa Mkomani, lina mstari huu ukurasa wa kwanza: asiyekufa akimshinda mwenzake, anachukua nguvu zake zote. Ukiwaambia waufute, wanakasirika. Basi tuuhesabu hadharani, tumalizane nao.

Dhana: mshindi achukue nguvu zote

Ukisomwa unasisimua. Ukichezwa, mchezo umekwisha pambano la pili. Chukua wachezaji watano, kila mhusika ana Nguvu 3. Kila mpiganaji anarusha dadu mbili za kawaida na kujumlisha Nguvu yake. Mwenye jumla kubwa anashinda. Pambano la kwanza ni la haki: kila upande una nafasi 575 katika 1,296 za dadu zote nne, na 146 zilizobaki ni sare. Mshindi sasa ana 6. Anayemfuata bado ana 3, na nafasi zake za kumwangusha ni 206, yaani kama 16 katika mia. Akimezwa huyo, bingwa ana 9 na mpinzani wake wa tatu ana nafasi 35 tu, chini ya 3 katika mia. Wa mwisho anakutana na mwenye 12. Nafasi yake ni moja katika 1,296: yeye apate sita mbili, na bingwa apate moja mbili. Huyo hachezi tena, anasindikiza.

Jibu la haraka huwa "basi achukue nusu". Nusu haitibu. Ukikamilisha nusu ya 3 kuwa 2, bingwa anaingia pambano la nne akiwa na 9, pale pale alipokuwa pambano la tatu kwa kanuni ya yote. Umeahirisha pambano moja.

Dawa iko barazani, kwenye bao. Bao la Kiswahili ni mchezo wa kumeza: kete ni 64, hazitoki ubaoni, na ukila za mwenzako zinakuwa zako. Lakini tazama mkono wa anayekula. Harundiki alichokula. Anakianzisha kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu, anakitawanya shimo kwa shimo kwenye safu yake ya mbele, pale pale mpinzani anapoweza kukila tena. Ulichokula kinakupa nguvu na papo hapo kinakuanika.

Hamishia hilo kwenye karatasi ya mhusika. Tenganisha Nguvu, ambayo ni namba, na karama, ambazo ni mambo anayoyaweza. Ushindi uongeze Nguvu kwa 1 tu, na kikomo kiwe 6. Hapo anayeanza na 3 hawezi kuachwa nyuma kwa zaidi ya 3, na zile nafasi 206 hazimtoki, isipokuwa akiwa na jeraha la sare, tutakaloliona chini. Kisha mshindi achague karama moja ya aliyeshindwa, na ije na mwiko wake. Tuseme mhusika aitwaye Kusi anapumua chini ya maji, lakini hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba mpaka aitwe kwa jina. Mwenzake Kaskazi akimshinda na kuichukua karama ile, tangu usiku huo naye anasimama mlangoni akingoja kuitwa, na kila aliyekaa mezani analijua hilo.

Visanduku vya karama viwe vitano. Ikija ya sita, mojawapo ya zamani ifutwe: karama ifutwe, mwiko ubaki. Watu hupenda kuulegeza mstari huu. Msiulegeze, nawasihi. Ndio unaomfanya bingwa wa karne tano awe rahisi kuviziwa kuliko mgeni wa jana.

Sare nayo isirushwe upya. Wote wawili waandike jeraha, Nguvu ipungue 1 mpaka kikao kijacho, watengane.

Dhana: asiyekufa hana cha kuogopa

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kuamini hili. Liyongo wa hadithi zetu hakudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe. Kila mchezaji aandike kifo cha mhusika wake kwenye kikaratasi, akikunje, ampe mwendeshaji, yaani anayesimulia hadithi na kuongoza mchezo. Mwendeshaji naye afiche dalili tatu za kifo hicho mahali tofauti katika hadithi. Hofu itatoka kwenye swali la nani ameshajua.

Dhana: aliyeshindwa ameshamaliza, aende nyumbani

Mtu amekuja kucheza, mnamkalisha saa tatu akitazama! Aliyemezwa awe sauti ndani ya aliyemmeza. Kila kikao apewe kete 3. Akitoa moja, anamlazimisha mshindi arushe tena dadu moja aliyoichagua yeye, sauti. Mshindi naye anaweza kumuuliza swali moja kuhusu maisha yake ya zamani, na lazima ajibiwe kweli.

Dhana: umri mkubwa, alama nyingi

Hapana. Umri ulete kumbukumbu. Enzi tatu zinatosha kwa mhusika yeyote: Shanga, mji wa kale wa kisiwa cha Pate, kabla haijahamwa, Malindi ya 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga, Shela ya vita mwanzoni mwa karne ya 19. Kila enzi impe mtu mmoja anayemdai na mahali pamoja anapopajua gizani. Alama, sifuri.

Dhana: dadu ni dadu

Dadu moja ya nyuso 20 hutoa kila namba mara 5 katika mia, ya juu sawa na ya kati. Dadu mbili za kawaida hutoa 7 mara 6 katika 36, na 12 mara 1 tu. Hesabu zote za hapa ni za dadu mbili. Ukibadilisha dadu, kikomo cha 6 hakina maana tena mpaka uhesabu upya. Na kabla hujaita watu, rusha mapambano 30 peke yako, 6 dhidi ya 3, kalamu mkononi. Mnyonge anatakiwa kushinda kama matano. Asiposhinda hata moja, kagua ulivyojumlisha kabla ya kulaumu dadu.